Mtiririko Huru wa Fedha katika Kampuni ya Vitafunio: Dhana Potofu na Ukweli

Mwaka 2023 Mondelez International, kampuni ya Chicago yenye biskuti za Oreo na Ritz na chokoleti za Milka na Cadbury, ilifanya mauzo ya dola bilioni 36.0. Shughuli zake za kawaida ziliingiza fedha taslimu dola bilioni 4.7, na baada ya kutoa takriban bilioni 1.1 zilizokwenda kwenye mitambo na viwanda, zilibaki bilioni 3.6, ambazo ndizo mtiririko huru wa fedha. Ukigawanya salio hilo kwa mauzo unapata asilimia 10, na huo ndio uwiano wa mtiririko huru wa fedha. Hesabu ni nyepesi, lakini tafsiri yake hupotosha wengi.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba uwiano huu ni faida halisi kwa jina jingine. Sivyo. Mwaka huohuo faida halisi ya Mondelez ilikaribia dola bilioni 5, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na mapato yasiyotokana na biskuti wala chokoleti, yakiwemo yaliyohusu hisa ilizomiliki katika kampuni za vinywaji za Keurig Dr Pepper na JDE Peet's. Fedha za kuuza hisa hazihesabiwi katika mtiririko huru. Vilevile, oveni ya kiwandani hulipiwa mara moja, ilhali katika hesabu ya faida gharama yake husambazwa kwa miaka mingi kama uchakavu. Malighafi nazo zina mkondo wao: bei ya kakao ilipopita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, mtengenezaji wa chokoleti alihitaji fedha nyingi zaidi kujaza ghala lilelile, na gharama hiyo haiingii katika hesabu ya faida mpaka chokoleti yenyewe iuzwe. Kwa upande mwingine, kampuni ikichelewa kuwalipa wauzaji wa sukari na vifungashio, fedha zake huonekana nyingi kwa muda, ingawa deni liko palepale.

Wengine huamini kwamba uwiano ukishuka, biashara imedhoofika. Mwaka 2024 mauzo ya Mondelez yalifika dola bilioni 36.4 na fedha za shughuli zikapanda hadi bilioni 4.9, lakini mtiririko huru ulikuwa bilioni 3.5, karibu asilimia 9.6, kwa sababu matumizi ya mtaji, yaani fedha za mitambo na viwanda, yaliongezeka. Kwangu mimi, linalotia wasiwasi zaidi ni kinyume chake: uwiano unaopanda kwa sababu mitambo mikuukuu haibadilishwi. Ndiyo maana mwaka mmoja hautoshi kuihukumu kampuni.

Ipo pia dhana kwamba fedha "huru" ni akiba iliyokaa benki. Mwaka 2024 Mondelez iliwarudishia wanahisa dola bilioni 4.7 kwa gawio na ununuzi wa hisa zake yenyewe, kiasi kinachozidi mtiririko huru wa mwaka mzima, na pengo kama hilo huzibwa kwa mikopo, akiba ya nyuma au mali iliyouzwa. Tena, katika hesabu za kampuni za Marekani, riba huwa imekwisha kutolewa katika fedha za shughuli, lakini marejesho ya deni lenyewe bado, kwa hiyo mwenye madeni yanayoiva karibuni anaweza kuwa na uwiano mzuri na bado akabanwa.