Mtakatifu kwa Wakatoliki ni mtu wa namna gani?

Muulize mtu yeyote Mji Mkongwe liliko kanisa la Minara Miwili, atakuonyesha. Ndilo kanisa la Mtakatifu Yosefu. Muulize sasa huyo mtakatifu maana yake nini, utasikia, "Si kama walii tu!" Hajakosea sana, ila Wakatoliki wana taratibu zao.

Kwao mtakatifu ni marehemu ambaye Kanisa limetangaza kwamba yuko mbinguni na mwenendo wake unafaa kuigwa. Haabudiwi, huombwa awaombee walio hai kwa Mungu. Kabla ya kutangazwa, maisha na maandishi yake huchunguzwa, na kwa kawaida hutakiwa miujiza. Hupewa kwanza cheo cha Mwenye Heri, halafu Mtakatifu.

Mfano mzuri ni Vincent de Paul, ambaye Wakatoliki wetu humwita Vinsenti wa Paulo. Alizaliwa 1581 kwa wakulima wa Pouy, kusini-magharibi mwa Ufaransa, akawa padri mwaka 1600. Na tusimpambe: siku zile alikuwa akitafuta cheo na kipato kama vijana wengi. Barua yake ya 1607 inasimulia kwamba alitekwa baharini akauzwa utumwani Tunis. Wanahistoria wanaibishia mpaka leo, lakini baadaye kweli alipeleka mapadri Tunis na Algiers kuhudumia mateka.

Kilichomfanya awe yeye ni jambo la mwaka 1617, mji wa Châtillon. Aliambiwa kuna nyumba ambayo watu wote wamelala wagonjwa, akaitaja kwenye mahubiri. Jioni akakuta njia imejaa watu wanaokwenda na kurudi, wamebeba vyakula. Wengine wangefurahi tu. Yeye aliona kasoro: kingi kitaharibika, kisha watashinda na njaa. Ni kama futari ya majirani kumi kumfikia mgonjwa mmoja siku moja, ikachacha, na kesho yake hana hata uji.

Basi akawapanga kina mama wa pale kwa zamu, akawaandikia kanuni, na kanuni zenyewe zina mambo madogo madogo ya ajabu. Mhudumu amsalimie mgonjwa kwa uchangamfu, amtandikie kitambaa, amnawishe mikono kabla ya kula. Aanze na wale wenye jamaa zao, na aliye peke yake awe wa mwisho, ili apate kukaa naye zaidi.

Kutoka hapo kazi ikapanuka. Mwaka 1633, pamoja na Louise de Marillac, alianzisha Mabinti wa Upendo, masista waliotoka nje kuwafuata maskini majumbani, wakati watawa wa kike walitakiwa kukaa ndani ya kuta. Alifariki Paris tarehe 27 Septemba 1660, na siku hiyo ndiyo sikukuu yake. Alitangazwa Mwenye Heri 1729 na Mtakatifu 1737, yaani miaka 77 baada ya kufa. Mwaka 1885 Papa Leo XIII akamfanya msimamizi wa vyama vyote vya huruma vilivyotokana naye.