Aneurizimu ya ubongo: maswali kuhusu vifaa vinavyowekwa ndani ya mshipa

Aneurizimu ni nini?
Ni sehemu ya ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, iliyodhoofika ikatuna kama kipira. Takribani watu wazima 3 katika kila 100 wanayo kichwani, na wengi wao hawana habari nayo. Ikipasuka, kichwa huuma ghafla kwa ukali usiowahi kuonekana, na huenda mtu akatapika, shingo ikakakamaa au akazirai. Hapo ni kukimbilia hospitali, si kumeza dawa ya maumivu na kulala.

Daktari anaifikiaje bila kupasua fuvu?
Huingilia mbali: ateri ya kinena au ya kifundo cha mkono. Hupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, akiufuata kwa eksirei kwenye skrini mpaka ubongoni. Kwa kawaida mgonjwa huwa amelazwa kwa nusu kaputi.

Akishafika, anaweka nini?
Kifaa kilichozoeleka zaidi ni koili, uzi laini wa platinamu unaojikunja ndani ya uvimbe. Koili za kuachiwa kwa umeme hafifu zilibuniwa na daktari Mwitaliano Guido Guglielmi, na mgonjwa wa kwanza alitibiwa nazo Marekani mwaka 1990. Damu huganda katikati ya mikunjo, uvimbe ukazibika. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, wenye wagonjwa 2,143 ambao aneurizimu zao zilikuwa zimepasuka, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa karibu asilimia 24 kwa koili, na karibu 31 kwa upasuaji wa kufungua fuvu na kuubana uvimbe kwa klipu. Hata hivyo klipu haijastaafu. Zipo aneurizimu ambazo umbo lake au mahali zilipo huifanya iwe chaguo bora.

Uvimbe wenye mdomo mpana huenda usishike koili. Kwa uvimbe huo kuna stenti, yaani kijibomba cha wavu wa nyuzi zilizosukwa karibu karibu, ambayo Marekani iliidhinisha ya kwanza mwaka 2011. Kinachonivutia ni kwamba wavu huu hauingii ndani ya uvimbe kabisa. Unalala kwenye mshipa wenyewe, unapita mbele ya ule mdomo na kuielekeza damu iendelee na njia yake. Damu iliyobaki ndani hupoa mwendo, huganda, na taratibu utando mpya wa mshipa huota juu ya wavu. Kazi hiyo huchukua miezi, na mwenye kuifanya ni mwili.

Mbona napewa dawa za kuzuia damu kuganda, ilhali tunataka igande?
Swali zuri. Igande ndani ya uvimbe, si kwenye stenti, maana hapo ni kiharusi. Ndiyo sababu ya aspirini pamoja na dawa kama klopidogreli mpaka utando uote. Usiziache, hata kwa ajili ya kung'oa jino, kabla ya kumuuliza daktari aliyekuwekea.

Kifaa kitatolewa lini?
Hakitolewi. Vingi vya siku hizi vinaruhusu kipimo cha MRI (picha za kutumia sumaku), lakini tembea na kadi ya kifaa chako. Koili huweza kushindiliwa na damu na uvimbe ukafunguka tena, kwa hiyo picha za ufuatiliaji si za hiari.

Basi kila aneurizimu itibiwe?
La. Utaratibu wenyewe unaweza kuleta kiharusi au kuupasua uvimbe. Uvimbe mdogo ambao haujapasuka mara nyingi hufuatiliwa kwa picha tu, huku presha ikidhibitiwa na sigara ikiachwa.