Bi Hawa alishindwa, lakini tunamsoma hadi leo

Wiki ya kwanza ya muhula, wakati wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza bado wanaulizana maktaba iko wapi, huwa nawapa hukumu moja wakaisome: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, shauri lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983. Mume na mke wameachana. Mke alikuwa mama wa nyumbani. Je, ana haki katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa, ilhali fedha zote zilitoka mfukoni mwa mume? Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama ipime mchango wa kila mmoja wao kwa fedha, mali au kazi. Basi kupika, kufua na kulea watoto, ni kazi au si kazi?

Wakirudi nawauliza swali moja tu: nani alishinda? Karibu darasa zima hunijibu kwamba alishinda Bi Hawa. Nawaambia wakasome tena.

Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango, wakamaliza ubishi uliokuwa umewagawa majaji wa nchi hii. Lakini Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha, naye akazitapanya, kwa hiyo rufaa yake ikatupwa. Waliokuja kuvuna ni wanawake wa baada yake, walioingia mahakamani na hukumu ile mkononi.

Ukiweza kuyashika yote mawili, nini kiliamuliwa na nani aliondoka na nini, umeanza kusoma sheria. Kwa miaka yote ya shahada utakuwa unakinoa kipaji hichohicho kwa mashauri magumu zaidi. Naandika haya kwa ajili ya kijana anayejaza fomu za chuo sasa hivi, na mzazi aliyeketi pembeni yake akisema, "Andika sheria, uje uwe wakili." Uwakili ni mlango mmojawapo, na mbele yake kuna ngazi ndefu.

Nianze na darasani. Shahada ya kwanza ya sheria, LLB, huchukua miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni minne. Utakutana na mbinu za sheria, katiba, jinai, mikataba na madhara (makosa ambayo aliyeumizwa hudai fidia), kisha ardhi, ushahidi, mwenendo wa madai, kampuni, ajira na mengineyo. Orodha hiyo utaipata popote. Ambacho hutaambiwa mapema ni kwamba mtihani wa sheria hauulizi kifungu kinasema nini. Unakupa kisa: Asha ameuziwa kiwanja na mtu ambaye si mwenye kiwanja, muuzaji kafariki, hati iko benki. Mshauri Asha.

Jaribio langu la kwanza kabisa nilinakili kifungu kizima kwa moyo, neno kwa neno, nikatoka chumbani kifua mbele. Nilipata alama za chini sana. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Sasa Asha afanye nini?" Sijawahi kupata somo fupi kuliko hilo, na leo ndilo ninaloandika kwenye karatasi za wanafunzi wangu. Huko sekondari tulizoea kukariri, na kukariri kulitufikisha chuo. Kwenye sheria kukariri kunakupa malighafi tu. Baada ya hapo lazima uchambue ukweli wa kisa, utafute kanuni, uone kama inamgusa Asha, kisha umwambie aende baraza gani, na kabla ya siku ngapi.

Siku hizo si jambo dogo. Mfanyakazi anayedai kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimewaona watu wenye madai mazuri kabisa wakifika siku ya 40, wakiwa wamezipoteza zile 30 kumbembeleza mwajiri. Inaniuma kila mara.

Pia kuna suala la lugha, na hapa nitakaa kidogo. Tunafundisha kwa Kiingereza, na hukumu nyingi za miaka iliyopita zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali shahidi anaongea Kiswahili, mshtakiwa anaongea Kiswahili, na mahakama ya mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili. Tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akitaja wazi kwamba ameandika hukumu kwa Kiswahili. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwanafunzi wa leo anatakiwa awe na miguu yote miwili. Asiyejua Kiingereza cha hukumu hataweza kuisoma ya Bi Hawa. Asiyejua kusema pingamizi la awali, ukomo wa muda na msimamizi wa mirathi kwa Kiswahili kinachoeleweka hataweza kumweleza Bi Hawa mwenyewe kwa nini ameshindwa. Mimi naona huo wa pili ni upungufu mkubwa zaidi, na vyuo vyetu bado havijauchukulia kwa uzito unaostahili.

Sasa ngazi ya uwakili. Ukimaliza LLB wewe ni mwanasheria, na wakili bado hujawa. Kwa Tanzania Bara unakwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo kila mtu anaiita Law School, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Ukifaulu unaomba, unapita Baraza la Elimu ya Sheria, kisha Jaji Mkuu anakukubali na jina lako linaingia kwenye daftari la mawakili. Kenya nao wana yao, Kenya School of Law, pamoja na miezi ya kukaa chini ya wakili mzoefu. Zanzibar ina mfumo wake wa mahakama, zikiwemo mahakama za kadhi, na taratibu zake za uwakili.

Mwezi Oktoba 2022 matokeo ya Law School yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote ni 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake: vyuo, taasisi yenyewe, wanafunzi. Mimi nafundisha, kwa hiyo naanza na sisi. Tumewapitisha vijana ambao hawajawahi kuandika hati ya madai, hawajawahi kusimama hata kwenye mahakama ya mfano, na wamefaulu kwa vitini vya kaka zao waliowatangulia. Mtu wa namna hiyo akipewa jalada lenye nyaraka zilizochanganyikana na kuambiwa "andaa utetezi", atazamia wapi? Mdogo wangu, hukumu ziko bure mtandaoni kwenye TanzLII. Soma moja kila siku, kuanzia mwaka wa kwanza. Kitini hakitakusaidia hapo.

Na kazi? Wanaojitegemea huanza ofisini kwa wakili mkubwa, wakibeba majalada na kuomba ahirisho, na kipato cha miaka ya mwanzo ni chembamba. Upande wa serikali, tangu mabadiliko ya mwaka 2018 kuna ofisi tatu: Mwanasheria Mkuu wa Serikali anayeshauri na kuandika sheria, Wakili Mkuu wa Serikali anayeitetea serikali kwenye madai, na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Halmashauri, mabenki, mifuko ya hifadhi ya jamii na mamlaka ya mapato wana maafisa sheria. Angalia tu matangazo kwa makini, maana ajira nyingi za sheria serikalini zinataka uwe umepita Law School hata kama hutasimama mahakamani.

Kazi ninayoipenda kuliko zote, na ambayo vijana wanaidharau, ni uhakimu wa mahakama ya mwanzo. Mirathi ya mkulima, talaka, ugomvi wa ng'ombe walioingia shambani, vyote vinaanzia pale. Mwananchi wa kawaida akikutana na sheria mara moja katika maisha yake, atakutana nayo hapo. Karibu na hiyo ni msaada wa kisheria, ambao tangu mwaka 2017 una sheria yake inayowatambua hata wasaidizi wa kisheria wa vijijini.

Shahada hii pia humpeleka mtu mbali na mahakama. Augustino Ramadhani alihitimu sheria Dar es Salaam, akaingia jeshini, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, akapewa daraja la ukasisi wa Anglikana, na akaongoza Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha. Willy Mutunga alisoma Mlimani, akaenda kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Kitivo kilichowalea kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilianza mapema kuliko vitivo vingine vyote kwa sababu nchi ilikuwa inakaribia kujitawala, na wanasheria wake Waafrika walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Kabla hujajaza fomu, tafuta asubuhi moja uende mahakama ya mwanzo iliyo karibu nawe. Mashauri kwa kawaida husikilizwa hadharani. Zima simu, keti benchi la nyuma, umsikilize mama anayedai mirathi ya marehemu mumewe akijibu maswali ya shemeji yake. Ukijikuta unajiuliza kifungu gani kingemsaidia, na kwa nini hakimu hajamuuliza kuhusu kile kiwanja, njoo. Na ukiona unatazama saa, ongea na mzazi wako mapema.