Tembo yuko ukurasa wa ngapi? Wajibu wa kulinda wanyamapori katika mikataba ya ardhi na miradi

Mkataba wa mradi ukiletwa mezani kwangu kwa uhakiki, sianzi na kurasa za mbele zenye ahadi. Nafungua kwanza jedwali la kazi na gharama. Humo kila kitu kina kipimo na bei: lori za kifusi, mifuko ya saruji, siku za greda. Nikikuta kivuko cha wanyama, malipo ya msimamizi wa mazingira na gharama ya kufukia mashimo vimewekewa idadi na bei, najua aliyeuandika alikusudia kweli kuwalinda wanyama. Nisipovikuta, napata wasiwasi hata kama kurasa za mbele zimejaa maneno mazuri. Mkandarasi hulipwa kwa kilichomo kwenye jedwali, na kisichokuwa na bei huwa hakifanyiki.

Hapa Tanzania sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza, na inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani, mahali ambapo wanyama wengi hupita na kunywa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inatambua shoroba (mapito ya wanyama yanayounganisha hifadhi moja na nyingine), maeneo ya mtawanyiko wanakosambaa nje ya hifadhi, na njia za uhamaji wa wanyama, na mwaka 2018 zikatungwa kanuni za kusimamia maeneo hayo. Ugumu unaanza baada ya cheti cha mazingira kutolewa. Cheti kina masharti, lakini kinatolewa kwa mwenye mradi. Anayekata miti ni dereva wa greda aliyeajiriwa na mkandarasi mdogo, ambaye naye kapewa kazi na mkandarasi mkuu. Dereva huyo hajawahi kukiona cheti, na pengine hata bosi wake hajakiona. Sharti lisiposhushwa kutoka mkataba mmoja hadi mwingine, mpaka kwa mwenye lori la kubeba kokoto, linabaki ndani ya faili la ofisi huku kazi ikiendelea porini.

Tathmini nayo ikichelewa, gharama yake ni kubwa, na hakuna mahali tulipojifunza hilo kwa uchungu kama Kihansi. Wengi wanawakumbuka vyura wa Kihansi kwa mshangao: fedha zote zile, kwa ajili ya vyura! Hebu tuitazame habari yenyewe kwa mpangilio wake. Bwawa la umeme la Kihansi, katika milima ya Udzungwa, lilikuwa tayari linajengwa wataalamu walipomgundua chura huyo mwaka 1996. Ni chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyetaga mayai bali huzaa watoto wakiwa wamekamilika, na makazi yake yote duniani yalikuwa takriban hekta mbili za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Bwawa lilipoanza kuzalisha umeme mwaka 2000, karibu asilimia 90 ya maji yakageuzwa kuelekea kwenye mitambo, na manyunyu yakapotea. Mwaka huohuo vyura 499 wakapelekwa Marekani ili kizazi kisizimike. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji bondeni. Idadi ikapanda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka, na ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura ukagundulika. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kwamba hayupo tena katika makazi yake ya asili, na mwaka 2012 vyura waliozalishwa kwenye hifadhi za wanyama walianza kurudishwa Kihansi.

Mwanasheria akiisoma habari hiyo, anaona suala la tarehe. Mitambo ya megawati 180 ilikwisha kupangwa kabla haijajulikana ni maji kiasi gani yaachwe mtoni. Tangu hapo, kila lita iliyoombwa kwa ajili ya chura ilikuwa lita iliyoondolewa kwenye umeme wa taifa, na mazungumzo ya namna hiyo huwa magumu kwa kila upande. Kama utafiti wa viumbe ungekamilika kabla ya mikataba kusainiwa, kiasi cha maji ya kuachwa kingeingia katika hesabu tangu mwanzo, kama zilivyoingia bei ya nondo na ya saruji. Ndiyo maana nasisitiza kwamba tathmini itangulie saini, na matokeo yake yawe kiambatisho cha mkataba chenye nguvu sawa na michoro ya mhandisi.

Sasa tuangalie lugha ya vifungu, maana hapa ndipo wengi hupoteza. Mikataba mingi ya ujenzi hufuata mfumo wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, na kifungu cha 4.18 katika toleo la mwaka 1999 kinamtaka mkandarasi achukue hatua zote za busara kulinda mazingira. Ni kifungu kizuri cha kuanzia. Lakini swala akigongwa saa nane usiku na lori la mradi, utathibitishaje kwamba hatua za busara hazikuchukuliwa? Mkandarasi ataonyesha kibao cha tahadhari alichokiweka, na mjadala utaishia hapo. Kifungu kinachoshika huandikwa hivi: magari ya mradi hayatatembea ndani ya ushoroba kati ya saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili asubuhi, mwendo hautazidi kilomita 50 kwa saa, kila mnyama atakayegongwa ataripotiwa kwa afisa wanyamapori wa wilaya ndani ya saa 24, na hati ya malipo ya mwezi haitapitishwa bila taarifa hiyo kuambatishwa, hata kama ni taarifa ya kusema hakuna aliyegongwa. Hapo kuna saa, kuna namba, kuna mtu na kuna fedha. Anayepita barabara kuu ndani ya Hifadhi ya Mikumi, takriban kilomita 50, anajua kwamba kibao peke yake hakimpunguzi mwendo dereva mwenye haraka. Matuta na faini ndivyo vinavyomfanya akanyage breki.

Kambi ya wafanyakazi nayo ina hatari yake. Watu mia mbili wakikaa porini miezi kumi na minane, na mkataba haujasema watakula nini, mitego ya nyaya itaonekana. Mkandarasi atakiwe kuleta nyama na kuni kutoka nje ya eneo, na atakayekutwa na nyara za Serikali, yaani nyama, ngozi au pembe za wanyamapori, afikishwe kwenye vyombo vya sheria, mkandarasi naye akatwe fedha kwa kushindwa kusimamia kambi yake.

Upande wa ardhi una mtego ambao wanakijiji wengi hawaujui. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hadi hapo kijiji kina nguvu. Lakini ardhi ikihaulishwa, yaani ikihamishwa, kuwa ardhi ya jumla iliyo chini ya Serikali kuu ili apewe mwekezaji, inatoka mikononi mwa kijiji. Mliyoahidiana kwa mdomo chini ya mti, kwamba hatazungushia uzio upande wanakopita tembo, hayana wa kuyasimamia tena. Mkutano mkuu ndio wakati wa kudai. Ushoroba uchorwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, upimwe na kuwekewa alama, na ramani yake iambatishwe kwenye muhtasari wa idhini na kwenye mkataba wa mwekezaji. Anayetaka kujua ushoroba usiolindwa unavyobanwa aende Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, ambako barabara ya Arusha–Babati, mashamba na makazi vinagombea upenyo uleule wanaoutumia wanyama.

Swali jingine la kuuliza ni nini kitatokea ardhi ikiuzwa. Ahadi ya mtu kwa mtu humfunga aliyeahidi. Mnunuzi mpya atasema yeye hakuwepo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu kuweka juu ya kipande cha ardhi haki inayosajiliwa na kubaki na ardhi hiyo, hata mwenyewe akibadilika. Kama njia ya wanyama inapita shambani, isajiliwe kwa namna hiyo, ili benki inayochukua shamba kama dhamana na mnunuzi wa baadaye waikute kwenye daftari la usajili.

Mikataba ya hiari nayo inawezekana. Katika mbuga za Simanjiro, nyumbu na pundamilia wa Tarangire huja wakati wa mvua kuzaa na kula nyasi zenye madini mengi kuliko za hifadhini. Vijiji vya Terrat na Sukuro viliingia makubaliano na kampuni za utalii: sehemu ya mbuga isilimwe wala kujengwa makazi ya kudumu, mifugo iendelee kulisha, na kijiji kilipwe kila mwaka. Naipenda mikataba hii kwa sababu mfugaji hafukuzwi, analipwa kwa kuendelea kufanya anachokijua. Cha kuangalia ni kipengele cha kupandisha malipo kadiri miaka inavyokwenda. Bei ya maharage ikipanda na malipo yakabaki yaleyale, jembe litarudi mbugani.

Serikali nayo hufungwa na ilichokisaini. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti kungekiuka Mkataba wa Jumuiya, ambao unazitaka nchi wanachama zishirikiane kulinda mazingira na maliasili.

Jambo la mwisho la kukagua kabla ya kusaini ni siku mkandarasi anapoondoka. Mashimo ya kifusi yakiachwa wazi kando ya barabara hujaa maji ya mvua, wanyama huja kunywa, na magari yako hatua chache tu kutoka hapo. Kuyafukia na kupanda nyasi kuwe kazi yenye bei, na sehemu ya malipo izuiwe hadi kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kiishe na afisa wanyamapori aweke saini yake. Kwa kazi zinazoendelea baada ya hapo, mkataba utaje ofisi itakayozibeba na fungu la bajeti litakalozilipia. Mabomba ya Kihansi yalihitaji mtu wa kuyazibua na kuyatengeneza miaka mingi baada ya wajenzi wa bwawa kufunga mizigo yao.