Friji haikaushi fondanti

"Iweke friji ikauke." Ushauri huu kuhusu fondanti, yaani kinyunya cha sukari cha kufunika na kupamba keki, bado unazunguka kwa waokaji wa Mombasa, na kila kaskazi inapovuma unaharibu keki nzuri. Mfano wa ukuta wa mawe uliochongwa kwa fondanti kwa saa nyingi unafika ukumbini umelowa, unang'aa na kunata. Friji haikaushi fondanti. Inaifanya ngumu kwa baridi tu, na ukiitoa nje inaloa.

Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida kabisa hapa Pwani, huacha maji juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi. Keki ya friji ina nyuzi 4. Chupa ya soda baridi hutoa jasho kwa sababu hiyohiyo, ila chupa haiyeyuki. Sukari na gliserini za fondanti huyanywa maji hayo: kingo za mifereji hulainika, mistari myembamba hufutika, unga wa rangi hushuka na kuacha madoa. Nyeusi na nyekundu huchuruzika kwanza.

Wenye kiyoyozi nao wasijidanganye. Keki iliyolala kwenye chumba cha nyuzi 18 ikitoka nje bado iko chini ya 25, nayo italoa vilevile. Tunachotaka kwa kiyoyozi ni ukavu, si baridi. Kiweke kwenye hali ya kukausha hewa, nyuzi 25 au 26. Feni haiondoi unyevu hewani. Wakati wa masika inazungusha hewa ileile. Na gari ni hivyohivyo: mteja akiwasha baridi yote kutoka Nyali, halafu keki ishushwe kwenye bustani ya wazi, kazi imeharibika mlangoni.

Kwa vipande vya ukuta, kanda kijiko kimoja cha chai cha CMC, unga wa kuipa fondanti ugumu, kwa gramu 500, funga kwa nailoni nusu saa, kisha kanda tena. Fondanti ya kufunika keki nzima usiitie, itapasuka pembeni. Vitabu huandika vipimo hivi kama sheria, lakini pakiti hutofautiana nguvu na siku hutofautiana unyevu. Bana donge kwa vidole: likibaki na kingo kali bila kunata, limefika.

Sukuma unene wa milimita 5, si 3, kwa sababu matundu yanahitaji kina. Tazama kuta za Fort Jesus kwa karibu. Matundu ya yale matumbawe hayalingani: makubwa machache, madogo mengi, yamejikusanya upande mmoja na kuacha mwingine karibu mtupu. Moldi ya dukani hurudia tundu lilelile kila sentimita chache, na jicho hugundua papo hapo. Kunjakunja karatasi ya foili, igeuze kila unapobonyeza, kisha gongagonga kwa mswaki mpya mgumu, ukiacha sehemu bila kugusa. Mwonekano wa mbao una utaratibu mwingine: chora mistari mirefu fondanti ikiwa laini, ngoja uso ushike ngozi, dakika 15 au zaidi, ndipo uivute kidogo ili nyufa zijipasue zenyewe. Nyufa za kisu hazifanani na za mbao hata siku moja. Siku ya unyevu mkali ngozi hiyo haishiki. Kama huna chumba kikavu, mshauri mteja achukue mwonekano wa mawe.

Rangi: unga mkavu kwa brashi, vivuli vitatu vya rangi, kilichokolea zaidi ndani ya mifereji. Maji kamwe. Wengi hutumia vodka kwa kuwa huruka haraka, lakini wateja wengi hapa hawataki pombe, na esensi ya limau mara nyingi inayo pia. Soma lebo. Siagi ya kakao iliyoyeyushwa na kuchanganywa na unga wa rangi hukaa vizuri.

Krimu ya maziwa iliyopigwa haiwezi kukaa nje na fondanti haiwezi kukaa friji, basi mteja achague moja. Chini ya fondanti weka ganashi: sehemu 3 za chokoleti nyeusi kwa 1 ya krimu, kwa joto letu. Ikiwa keki imeshaingia friji, itoe ikiwa ndani ya boksi lililofungwa, na boksi lisifunguliwe mpaka keki ifikie joto la chumba.

Ikishaloa, usiiguse, usiipanguse, usiinyunyizie sukari. Iache kwenye chumba kikavu mpaka mng'ao uondoke, kisha rudisha unga wa rangi palipopauka.