Haionekani kwenye rada? Kwa rada ipi, yakhe?

Juzi usiku pale Jaws Corner, Zanzibar, kahawa ndiyo kwanza imemiminwa, kijana mmoja akanisogezea simu hadi puani. "Ami, tizama hii F-47, ndege mpya ya kivita ya Wamarekani. Haionekani kwenye rada kabisa." Wenzake wakaitikia kama maamuma. Maneno hayo nimeyasikia tangu enzi za F-22. Nikayasikia Warusi walipofunua ndege yao ya Checkmate mwaka 2021, nikayasikia Waturuki walipoitoa yao, Kaan. Safari hii kahawa iliniunguza ulimi, nikasema basi, naandika.

Mimi ni fundi wa rada. Nilianza na rada za boti bandarini Malindi, siku hizi nashughulikia zile za hali ya hewa zinazokaa kwenye pua za ndege. Ndege ya kivita sijapata kuigusa. Lakini wimbi la rada halina adabu wala heshima: bawa la mabilioni na debe la mafuta ya taa, vyote linavigonga vivyo hivyo. (Najua Watanzania wengi tukisikia "rada" tunakumbuka kwanza chenji ya rada, zile fedha zilizorudishwa baada ya kashfa ya ununuzi wa rada. Leo tuiache.)

Habari ya picha niimalize upesi. Machi 21, 2025, Rais Trump alipoitangaza F-47 ya Boeing, umma ulioneshwa michoro. Michoro tu, tena nusu ya nyuma imefichwa. Vijana wamekesha wakigombania vibawa vya mbele vilivyochorwa na mtu ambaye pengine aliambiwa achore uongo. Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1986 kampuni ya Testors iliuza ndege ya plastiki ya kuunganisha iliyoitwa F-19, ati ndiyo ndege ya siri ya Wamarekani, laini, ya mviringo, ikanunuliwa kama njugu. Ndege hiyo haikuwahi kuwepo. Ile ya kweli, F-117, ilikuwa ikiruka tangu 1981, na picha yake ya kwanza ilipotolewa Novemba 1988, yenye ukungu, watu wakakuta kitu kilichojaa pembe na bapa, kama kimechongwa kwa shoka.

Sasa niingie panaponiuma.

Shika kurunzi, simama pwani usiku, mmulike mtu aliye hatua kumi. Akirudi nyuma hadi hatua ishirini, mwanga unaomfikia haubaki nusu, unabaki robo, kwa sababu umetawanyika kwa upana na kwa urefu. Mwanga huo unamgonga, unarudi kwako, na njiani unatawanyika upya: robo tena. Robo ya robo ni moja ya kumi na sita. Rada ni hivyo hivyo: inatuma wimbi, kisha inasikiliza mwangwi unaorudi. Haya, igeuze hesabu. Wahandisi wakihangaika hadi mwangwi wa ndege yao upungue mara 16, umbali wa kuonekana unapungua nusu. Nusu tu! Wakitaka umbali uwe moja ya kumi, mwangwi sharti upungue mara 10,000.

Shabiki anasoma "mara elfu kumi", anadhani ndege imekuwa jini. Tuseme rada fulani inaiona ndege ya kawaida ikiwa kilomita 300. Hii ya stelthi, yaani iliyoundwa kujificha kwa rada, itaiona kilomita 30. Itaiona! Ila kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, mwenye rada aliyekuwa na dakika 20 za kujipanga sasa anazo mbili. Stelthi ni hizo dakika 18 alizoibiwa. Ni wizi mkubwa, silidharau jambo hilo. Lakini aliyeibiwa saa hajapofuka.

Na hata huko "kuonekana" si kama taa, imewaka au imezima. Rada za boti ziendazo Dar hutumia mawimbi ya sentimita tatu hivi, yanayokaribiana na ya rada zilizo kwenye pua za ndege nyingi za kivita. Mbele ya rada hiyo weka ngalawa ya mwembe iliyolowa, wavuvi wawili na tanga la kitambaa. Ubao haurudishi mwangwi kama chuma. Bahari ikiwa shwari, nahodha ataiona mapema. Kusi ikivuma, kioo cha rada kinajaa mwangwi wa mawimbi ya bahari, na ngalawa inakuwa chembe moja katikati ya chembe mia. Kuna kitufe cha kupunguza fujo hiyo. Ukikizungusha kidogo, huoni kitu kwa wingi wa chembe. Ukikizungusha mno, umefuta mawimbi na wavuvi pamoja. Vitabu vinasema "rekebisha ipasavyo". Ipasavyo ni wapi? Miaka yote hii mimi narekebisha kwa jicho na dua. Nimewahi kuapa kwamba chembe fulani ni mgongo wa wimbi, kumbe ni mzee wa watu ametulia anavua changu.

Ndiyo maana vyombo vya mbao hutundika kiakisi mlingotini: vipande vitatu vya bati vilivyokutana kwa pembe mraba, kama kona ya chumba. Wimbi likiingia humo linadunda ukuta hadi ukuta, kisha linarudi kulekule lilikotoka. Sasa ziangalie ndege za zamani. Mkia uliosimama wima juu ya bawa lililolala ni kona pia. Mikia ya F-22 na F-35 imelazwa upande kwa sababu hiyo, na ile ndege ya Kichina isiyo na mkia iliyoonekana juu ya Chengdu Desemba 26, 2024 iliwapandisha watu mori kwa sababu hiyo hiyo. Hapo mashabiki walikuwa na haki, nawapa. Vibawa vya mbele navyo vinaongeza kingo, na kingo hurudisha mwangwi. Kiasi gani? Picha haikwambii, na anayekwambia kwa kutazama picha mnunulie kashata anyamaze.

Halafu, haionekani kwa rada ipi? Umbo la ndege hizi, hasa zile ndogo, limekatwa zaidi kwa ajili ya mawimbi ya sentimita. Wimbi la mita mbili linakaribiana na ukubwa wa mkia au ncha ya bawa, ule ujanja wa pembe wa kulitupa wimbi pembeni haulibabaishi sana. Machi 27, 1999, kule Serbia, kikosi cha Kanali Zoltán Dani kiliitungua F-117 kwa kombora la S-125, mtambo wa miaka ya 1960, kikisaidiwa na rada ya P-18 yenye mawimbi marefu ya namna hiyo.

Nikifika hapa, upande wa pili wa baraza unaruka: "Basi stelthi ni uongo!" Hasha. Mawimbi marefu yanakwambia mgeni yupo mtaa wa Shangani, hayakwambii yupo mlango gani, na kombora linataka mlango. Wale jamaa wa Dani walimngoja mgeni wao akaribie sana, wakawasha rada ya kulengea kwa sekunde chache tu na kuizima, wasije wakapigwa wao.

Nikiri kitu. Hiyo hesabu yangu ya 10,000 nimeiandika kana kwamba ndege ina namba moja. Haina. Pua ina yake, ubavu una wake, tumbo lina lake, na rubani akikata kona tu namba inaruka. Zile sifa za "mwangwi kama wa mpira wa gofu" hazisemi ni kwa pembe gani wala kwa wimbi gani. Nimedanganya kidogo ili somo liende.

Na yule aliyenionesha F-35 kwenye programu ya simu ya kufuatilia ndege, akicheka kwamba "stelthi gani hii": mwanangu, hapo ndege inajitangaza yenyewe kwa transponda, kifaa chake cha redio. Tena wakati wa amani hufungwa vinundu vidogo vya kuongeza mwangwi kwa makusudi, jirani asije akapima ule wa kweli. Habari ya rangi zinazonyonya mawimbi na jinsi zinavyochukia unyevu nitaiandika siku nyingine, nikianza leo hatulali.

Usiku ule, mvuvi mmoja aliyekuwa akicheza dhumna muda wote akageuza shingo, akauliza hivyo vibati vitatu viwe na ukubwa gani. Nikamwambia sentimita 30 kila upande vinatosha, mradi pembe ziwe mraba barabara na avitundike juu kadiri mlingoti unavyofika. Akauliza kama bati la debe linafaa. Linafaa, nikasema, ila usilikunje. Vijana walikuwa wamesharudi kwenye simu zao.