Mtaro wako haumo kwenye bajeti? Kwanza jiulize siku ya kikao cha kijiji ulikuwa wapi

Tangu mvua zianze simu yangu hailali. Mtu anapiga picha mtaro uliojaa maji nyuma ya duka lake, anatuma, chini anaandika "mnakula pesa zetu". Mimi ni afisa mipango kwenye baraza moja la mji huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na ofisi imeniomba niandike hii kwa Kiswahili maana sokoni kwetu Mlugbara, Mnubi na Mkakwa wote wanaelewana kwa lugha hiyo. Naandika kwa nia njema, ila mengine nitayasema wazi kwa sababu nimechoka kuyarudia pale dirishani kila asubuhi.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja anauza mukene, yaani dagaa, viatu mkononi, matope hadi magotini. Nikamwambia karibu mama, kaa. Hakutaka kukaa. Anataka kujua kwa nini kata ya jirani imewekewa kalvati na yao haikuwekewa, ati diwani wa kule ni rafiki yetu. Nikatoa kitabu cha miniti, kumbukumbu za vikao, cha kijiji chake nikamfungulia ukurasa. Waliosaini ni watu kumi na mmoja, saba wakiwa wa boma la mwenyekiti. Wameomba nini? Viti vya plastiki na hema la msibani. Kalvati haimo, mtaro haumo. Kijiji cha ile kata ya jirani kiliomba kalvati, kikaandika ikae wapi, hata nyumba ngapi zinafurika kimehesabu. Sasa mimi nifanye nini, nibuni?

Hapa ndipo watu wengi hawanielewi. LC1, yaani baraza la kijiji, si mwenyekiti na muhuri wake tu. Kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa baraza la kijiji kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997, huhitaji kadi ya chama, huhitaji kualikwa kwa barua. Wewe ni mjumbe tayari. Mwenyekiti ndiye mliyepanga foleni nyuma yake Julai 2018, baada ya miaka kumi na saba bila uchaguzi wa vijiji, na siku ile mlijaa kweli, alafu kikao cha kupanga mahitaji mnamwachia mwenyekiti na shemeji zake.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni. Mahitaji ya vijiji tunayakusanya miezi ya Septemba na Oktoba, yanapanda kata, yanakuja kwetu, yanapita kwenye kamati ya ufundi, yanakwenda kwenye mkutano wa bajeti, alafu madiwani wanajadili, na bajeti lazima iwe imepitishwa ifikapo 31 Mei. Ukija Juni na picha ya mtaro, ndugu yangu, umekuja wakati harusi imeisha na masufuria yameoshwa. Tutakupokea vizuri, tutaandika, lakini ni ya mwaka unaofuata.

Sasa hizo pesa tunazokula. Sehemu kubwa ya pesa zinazopita kwetu inatoka serikali kuu na inakuja imeshapewa jina: hii mishahara ya walimu, hii kituo cha afya. Katiba kifungu cha 193 inaita ruzuku yenye masharti. Nikichukua ya walimu nikanunua saruji ya mtaro najibu kwa mkaguzi mkuu wa hesabu, mhasibu anajibu, karani wa mji anajibu, na hatutajibu kwa maneno matamu. Zinazobaki za kupanga wenyewe ni DDEG, ile ruzuku ya maendeleo ya serikali kuu, pamoja na mapato yetu ya ndani, yaani leseni za biashara, ushuru wa soko, kodi ya majengo na LST, kodi ya huduma za mtaa. Ndiyo hizo za mtaro na takataka. Dawa zikiisha kituo cha afya msiseme leseni zenu zimeliwa, dawa zinaletwa na National Medical Stores, bohari ya dawa ya serikali.

Kuhusu LST, kwa mara ya mia: si graduated tax, ile kodi ya kichwa ya zamani, imerudi. Graduated iliondolewa 2005, LST ikaanza 2008. Asiye na kazi halipi, mkulima mdogo halipi, wala askari wa jeshi, polisi na magereza hawalipi. Anayepata mshahara wa zaidi ya laki moja hadi laki mbili kwa mwezi analipa shilingi 5,000 kwa mwaka, na anayezidi milioni moja kwa mwezi analipa 100,000. Kwa mwaka, jamani, si kwa mwezi. Na nyumba unayolala mwenyewe haitozwi kodi ya majengo, ile unayopangisha inatozwa.

Kulipa ni hivi: unafika ofisi ya mapato, unatajiwa kiasi, unapewa namba ya malipo, ile PRN, unaipeleka benki au unalipa kwa simu, unasubiri ujumbe, unautunza, unarudi nao ndipo unachukua leseni yako. Usimpe mtu pesa mkononi hata kama amevaa kitambulisho shingoni, hata kama ni mtoto wa mtaani kwako. Kuna waliotoa mkononi, wakaguzi walipopita hawana cha kuonyesha. Kufanya biashara bila leseni ni kosa, duka linaweza kufungwa na kesi kwenda kwa hakimu, na pale hakimu hataki kusikia "nililipa kwa yule kijana mrefu".

Jambo lingine, barabara. Lami ya Vurra hadi Oraba kupitia Arua na Koboko ni ya taifa, zamani chini ya UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, sasa wizara ya ujenzi na uchukuzi yenyewe. Shimo likiwa pale tunapeleka barua, hatuwezi kupeleka greda. Na milioni moja ya PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, haiko kwenye droo yangu, iko SACCO ya parokia yako, parokia ya serikali si ya kanisa, ni mkopo wa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, kaulize kwa chifu wa parokia.

Yule mama mwishoni alikaa. Akaniomba nimwandikie kwenye karatasi tarehe ya kikao, nikamwambia tarehe anapanga mwenyekiti wake, amsumbue kuanzia Agosti. Kitabu cha miniti kikinifikia kabla ya mkutano wa bajeti nakisoma mstari kwa mstari. Kikija Aprili nakiweka kabatini, na lile kabati siku hizi mlango wake haufungi.